Kidonge, karatasi na mtu wa tatu

Desemba 1945 Alexander Fleming alisimama Stockholm kutoa hotuba yake ya Nobel, na alipokaribia mwisho akasimulia kisa cha kutunga. Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini, anameza kidogo, si ya kutosha kuviua vijidudu bali ya kutosha kuvifundisha namna ya kuihimili. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini hiyohiyo, dawa inagoma, anafariki. Fleming akauliza ni nani wa kubeba lawama ya kifo hiki, kisha akajibu mwenyewe: Bwana X, kwa uzembe wake.

Wanaotaka serikali zizuie dawa kuuzwa bila cheti cha daktari, ile karatasi anayoandikiwa mgonjwa, hukipenda sana kisa hiki. Lakini kisome vizuri. Fleming hakusema kwamba Bwana X angepaswa kwenda kwanza kwa daktari. Funzo alilolitoa ni kwamba ukitumia penisilini, tumia ya kutosha. Habari ya cheti tumeichomeka sisi. (Na kuna kejeli nyingine humo: kijidudu cha koo alichokitolea mfano mpaka leo hufa kwa penisilini. Walioasi ni wengine.)

Mimi humtazama zaidi yule mke. Hakununua chochote, hakumeza chochote, hakukosea chochote, na ndiye aliyelipa. Naona swali zima la cheti linamzunguka yeye, huyu mtu wa tatu, na mabishano mengi huenda kombo kwa sababu ama tunamsahau, ama tunamleta mahali ambapo hayupo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja wa kihistoria. Wengi hudhani cheti kina umri sawa na udaktari wenyewe. La hasha. Nchini Marekani, mpaka miaka ya 1930, mtu mzima aliweza kununua karibu dawa yoyote aliyotaka, ukiacha zile za jamii ya afyuni na kokeini zilizokuwa zimebanwa na sheria ya mwaka 1914. Kisha mwaka 1937 kampuni moja ikatoa sulfanilamidi, dawa ya kupambana na bakteria, kwa umbo la maji, ikiwa imeiyeyusha katika dayethilini glaikoli, kimiminika kitamu ulimini na chenye sumu kali kwa figo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria mpya ya chakula na dawa, na kanuni zilizotungwa chini yake ndizo zilizozaa kundi la dawa zisizouzwa bila cheti. Mwaka 1951 seneta Hubert Humphrey na mbunge Carl Durham, wote wawili wafamasia, wakauchora mstari huo kwa wino mzito ndani ya sheria yenyewe.

Sasa warudie waliokufa mwaka 1937. Wengi walikuwa wameandikiwa dawa ile na madaktari. Daktari mmoja wa Mississippi aliandika kwa uchungu kwamba wagonjwa wake sita, mmoja wao rafiki yake mkubwa, walikufa kwa dawa aliyowaandikia mwenyewe bila kujua. Karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuipima dawa kabla haijaingia sokoni. Hadithi ya thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia kwa kichefuchefu cha wajawazito, haiko mbali na hiyo. Ujerumani Magharibi iliuzwa tangu 1957 bila cheti, ikasifiwa kuwa salama kabisa. Uingereza wanawake wengi waliandikiwa na madaktari wao. Watoto wakazaliwa na viungo pungufu kote kuwili. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi katika mamlaka ya dawa, alikataa kuipitisha kwa kuwa ushahidi aliopelekewa haukumridhisha.

Kwa hiyo kuhakiki dawa ni kazi moja, na kumtaka mnunuzi alete karatasi ni kazi nyingine. Watetezi wa cheti huazima sana utukufu wa kazi ya kwanza kuipamba ya pili. Mtu anaweza kutaka mamlaka ya dawa yenye meno, inayotupa nje kila kidonge kibovu, na bado akahoji kwa nini kidonge kilichofaulu mtihani wote huo kinahitaji saini ya daktari.

Hoja yao yenye uzito iko kwingine, nayo ni utambuzi wa ugonjwa. Anayeingia famasi na kuomba dawa ya kiungulia ameshajihukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Huenda ni kiungulia kweli. Huenda ni moyo. Huenda ni kidonda cha tumbo kinachovuja damu taratibu, na kila kidonge anachomeza kinatuliza maumivu na kumnyima onyo. Homa nayo ni vilevile: malaria, mafua na homa ya uti wa mgongo zote huanza kwa mtu kusema mwili wangu hauko sawa. Aliyezoea kujitibu kwa dawa za jamii ya steroidi, zinazotuliza uvimbe, anaweza kujiona amepona huku maambukizi yakitambaa chini kwa chini, na akiziacha ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu mwili hushindwa, maana tezi zake zimeshasahau kazi yao. Hapa cheti hakihusu kidonge hata kidogo. Ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyesomea kazi hii alimtazama mgonjwa.

Alimtazama kweli? Hapo ndipo ninaposita. Kuna chumba ambacho wengi wetu tumekaa. Unaingia, unaeleza tatizo lako, na kabla kiti hakijapata joto daktari ameshainamisha kichwa anaandika. Hakukushika mshipa, hakuuliza unatumia dawa gani nyingine. Unatoka na karatasi halali kabisa. Mbele ya sheria wewe umeonwa, ilhali jirani yako anayeishi na presha mwaka wa kumi, anayejipima kila asubuhi na kuandika namba kwenye daftari, ambaye anaijua dawa yake kuliko anavyoijua namba yake ya simu, huyo hana ruhusa ya kuinunua mpaka aende akapange foleni.

Jirani huyo ndiye anayewapa nguvu wa upande wa pili. Mgonjwa haulizwi uji, na sheria ya cheti imejengwa juu ya wazo hilohilo: mgonjwa haulizwi. Mwanafalsafa wa Marekani Jessica Flanigan amelishambulia kwa hoja ambayo bado sijaona ikijibiwa kikamilifu. Hospitalini, anasema, tumeshakubali kwamba mtu mzima mwenye akili timamu hawezi kutibiwa bila ridhaa yake. Jaji Benjamin Cardozo wa New York alilitamka hilo tangu 1914: mwili ni wa mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kuamua ufanywe nini. Mgonjwa ana haki ya kukataa upasuaji hata kama kukataa huko kutamuua, na daktari, pamoja na elimu yake yote, hubaki kushauri tu. Vipi basi mtu huyohuyo, akivuka barabara na kuingia famasi, anageuka mtoto asiyejua jema na baya?

Hujibiwa kwamba haki ya kukataa haizai haki ya kupewa. Ni kweli, lakini hapa hakuna anayeomba apewe. Anaomba asizuiwe kununua. Wengine hujibu kwamba mgonjwa hana elimu. Basi mpe elimu, maana ujinga dawa yake ni maelezo. Jibu linalonigusa zaidi ni la tatu: mtu anayeumwa, hasa siku ya kwanza, usiku, akiwa na hofu, si mtu yule anayetajwa katika vitabu vya falsafa. Angemeza chochote. Nalikubali hilo. Ila ukilikubali, umekubali pia kwamba mgonjwa wa siku ya kwanza na mgonjwa wa mwaka wa kumi ni watu wawili tofauti, na sheria inayowafunga kwa kufuli moja imemkosea mmoja wao.

Kuna na swali la kama kufuli lenyewe linafanya kazi. Mwanauchumi Sam Peltzman wa Chuo Kikuu cha Chicago alilinganisha mwaka 1987 nchi zinazosimamia cheti kwa ukali na zile zinazokisimamia kwa jina tu, na hakuona dalili kwamba ukali huo unaokoa maisha ya watumiaji. Kuhusu vifo vya sumu, picha ilielemea hata upande wa pili. Sitegemei sana ulinganisho wa namna hii, kwa kuwa nchi hutofautiana kwa mambo mia moja. Ila maelezo aliyoyapendekeza yanaingia akilini: mtu akijua kuna mlinzi mlangoni, huacha kujilinda mwenyewe, na humeza dawa kali zaidi kwa sababu daktari kaziandika.

Nani asiyekumbuka afyuni za hospitali? OxyContin, dawa kali ya maumivu ya jamii hiyo, iliingia sokoni Marekani mwaka 1996, ikiwa na cheti, muhuri, saini na kila kitu. Kampuni iliyoitengeneza ilikuja kukiri makosa ya jinai mahakamani mara mbili, mwaka 2007 na mwaka 2020. Waliotumbukia katika uraibu wengi walianzia kwenye karatasi halali, baada ya mgongo kuuma au jino kung'olewa. Mlinzi alikuwepo mlangoni wakati wote, alikuwa ameshawishiwa.

Usikimbilie kusema basi cheti ni bure. Tazama Australia na kodeini, dawa ya maumivu ambayo ini huibadilisha kuwa mofini, na kwa baadhi ya watu huibadilisha haraka mno. Mpaka Januari 2018 vidonge vyenye kodeini kidogo vilinunuliwa huko bila cheti. Tarehe 1 Februari mlango ukafungwa. Mauzo yakaporomoka, na simu za waliozidisha kodeini kwenye vituo vya ushauri wa sumu zikapungua kwa karibu nusu. Dawa yenye uraibu ina tabia hii: anayeinunua leo si huru kabisa kesho. Anaamua kwa niaba ya mtu mwingine, yaani yeye mwenyewe wa miezi sita ijayo. Mtu wa tatu ananyemelea hapo, ingawa anavaa sura ya mnunuzi.

Halafu kuna parasetamoli, ambayo kwangu ni funzo kubwa kuliko zote, na ajabu ni kwamba haina uhusiano na cheti. Kidonge hiki ambacho hakuna nyumba isiyokuwa nacho kinaweza kuua ini kwa siku chache kikizidishwa. Kwa mantiki ya kufuli kingetakiwa kufungiwa. Uingereza haikukifungia. Mwaka 1998 ilipunguza ukubwa wa pakiti tu: vidonge 32 famasini, 16 katika maduka ya kawaida. Anayetaka zaidi huenda duka la pili, la tatu. Hatua ndogo hivyo, karibu ya kuchekesha. Ndani ya miaka 11 vifo vya kujitoa uhai kwa parasetamoli vilikuwa vimepungua kwa asilimia 43 kuliko ilivyotarajiwa. Maana kishawishi cha kujiua mara nyingi ni cha muda, na mtu hukamata kilicho karibu. Kati ya mlango uliofunguliwa wazi na mlango uliotiwa kufuli kuna kizingiti, na kizingiti tu kiliokoa watu.

Ukishaliona hilo, mgawanyo wa dawa za cheti na zisizo za cheti unaanza kuonekana wa kizamani. Nchi kadhaa zina ngazi ya katikati: mfamasia anauza, lakini kwanza anauliza maswali. Uingereza ilifanya hivyo kwa sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, mwaka 2018. Mwanaume anayeona haya kumweleza daktari anaulizwa kuhusu moyo wake na dawa zake za presha na mtu aliye nyuma ya kaunta, akijibu vibaya hauziwi. Pengine kuna anayedanganya. Lakini wapo waliokuwa wakinunua mtandaoni vidonge visivyojulikana vina nini, na huko hakuulizwi kitu.

Tuje kwenye vidonge vya uzazi wa mpango. Julai 2023 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kidonge cha kila siku, Opill, kiuzwe bila cheti. Dawa iliyomo, nojestreli, ilikuwa imeidhinishwa huko tangu 1973. Kwa miaka 50 kemikali haikubadilika. Katika nchi zaidi ya 100 wanawake walikuwa tayari wakinunua vidonge vya kuzuia mimba bila cheti. Hapa natafuta mtu wa tatu simwoni. Simwoni anayeambukizwa, simwoni anayevutwa kwenye uraibu. Namwona mwanamke, na karatasi iliyomsimamia mbele kwa nusu karne.

Turudi basi kwa mke wa Bwana X. Utafiti uliokusanya takwimu za nchi na maeneo 204 ulikadiria kuwa mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Hoja ya mwili ni wangu hapa inaishiwa pumzi. Antibayotiki ni miongoni mwa dawa chache ambazo nikizimeza ovyo mimi, zinaacha kumfanyia kazi mtu nisiyemjua. Flanigan mwenyewe anaiona tofauti hiyo na kuziweka kando. Katika kundi hili nasimama na wenye kufuli bila kigugumizi.

Ila kufuli hilo lifungweje? Chile ilianza kusimamia cheti cha antibayotiki kwa ukali mwaka 1999. Matumizi yakashuka sana, na kadiri jicho la serikali lilivyohamia kwingine yakaanza kupanda tena. Meksiko ilibana mwaka 2010. Wenye famasi wakakuna vichwa, wakapata jibu: wakafungua vyumba vya madaktari ubavuni mwa maduka yao. Mteja anaingia mlango wa kushoto anaandikiwa, anatoka anaingia mlango wa kulia ananunua. Wapo waliofaidika, maana kwao huyo alikuwa daktari wa karibu kuliko wote. Lakini daktari ambaye mshahara wake unategemea kaunta ya pembeni ana sababu gani ya kumwambia mgonjwa wa mafua kwamba haumwi kitu cha kutibiwa na antibayotiki, nenda kapumzike? Madaktari wa kawaida nao hawana rekodi safi. Kuandika ni rahisi kuliko kueleza, na mgonjwa anayeondoka mikono mitupu huona hakutibiwa.

Kisha kuna upande ambao wenye kufuli hawapendi kuutazama. Kufuli bila ufunguo ni ukuta. Mwaka 2019 huohuo nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wenye umri chini ya miaka mitano, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Sehemu kubwa ya nimonia hizo hutibika kwa amoksilini, antibayotiki ya zamani na ya bei ndogo. Sheria isemayo antibayotiki kwa cheti tu, katika sehemu ambayo daktari yuko safari ya siku nzima, inamwambia mzazi achague kati ya kuvunja sheria na kumtazama mtoto. Mtoto huyo naye ni mtu wa tatu. Hanunui, haamui, na wala hakumwambukiza mtu usugu.

Kwa sababu hiyo, mpango ninaouamini kuliko hotuba zote za pande mbili ni ule wa wahudumu wa afya wa jamii unaoungwa mkono na Shirika hilo la Afya Duniani na UNICEF. Mhudumu si daktari wala muuguzi. Amepewa mafunzo ya muda mfupi, boksi la dawa na kifaa cha kuhesabia dakika. Analetewa mtoto anayekohoa. Anamwomba mama amtulize, anamfunua kifua, na kwa dakika moja nzima anahesabu pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11, akifikisha 50, anahesabiwa kuwa anapumua haraka; wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Akiona dalili za hatari, kwa mfano mtoto hawezi kunywa au amepoteza fahamu, humtuma kituo cha afya bila kuchelewa. Pumzi zikifikia kiwango bila dalili hizo, anatoa amoksilini ya kuyeyushwa kwenye maji na kumwelekeza mama namna ya kuitoa. Hakuna cheti wala saini. Idhini imetoka kwenye shahada ukutani na kuhamia kwenye hesabu ambayo mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kuirudia na kuikagua.

Na hesabu hiyo hukataa pia. Mtoto wa miaka miwili, dakika imekwisha, pumzi 38, anakunywa vizuri, kifua hakibonyei. Ni mafua. Boksi linafungwa, mama anaambiwa ampe vinywaji kwa wingi na arudi upesi akianza kupumua haraka, na anaondoka bila antibayotiki, pengine amenuna.